Neena Gupta aliomba kazi hadharani, sisi tunaona soni ya nini?

Mpenzi msomaji, wiki hii tuyaweke kando mambo ya mapenzi na mitindo, tuongee kitu kinachotuumiza vijana wengi wa mjini ila tunakificha: kuomba kazi. Si kazi yenyewe, hapana. Ni ule mdomo wa kuombea ndio mzito!

Muulize kijana yeyote pale kijiweni, "Vipi mshikaji, siku hizi unafanya kazi wapi?" Atakwambia, "Nipo nipo tu, nina mishemishe zangu." Mishemishe zenyewe hakuna! Lakini kusema, "Sina kazi, naitafuta, na ninachokijua ni hiki na hiki," thubutu! Tunaona ni kujivua nguo mbele za watu. Ndiyo maana nimeona nikusimulie habari za mwanamama mmoja wa Kihindi aitwaye Neena Gupta.

Kama jina halikujii, muulize mama yako kuhusu picha la Khalnayak la mwaka 1993, lile la Sanjay Dutt na Madhuri Dixit. Mle ndani mna wimbo uliozua kasheshe kubwa India, mpaka watu wakafika mahakamani wakitaka upigwe marufuku. Wengi macho yao yalikuwa kwa Madhuri. Yule mwingine anayeuliza swali kwenye wimbo, Madhuri akijibu, ndiye Neena. Mama yangu na mashoga zake mpaka leo wanaweza kukunengulia wimbo ule mwanzo mwisho, lakini waulize jina la yule wa pili uone kama kuna anayelijua.

Sasa usidhani ni mtu wa kuokotwa njiani. Neena, aliyezaliwa mwaka 1959, amesomea fani katika Shule ya Taifa ya Maigizo kule Delhi, ambako mtu anafundishwa jukwaa hasa. Mwaka 1982 alikuwemo kwenye Gandhi, ile filamu iliyozoa Oscar 8. Yeye ni Abha, mmoja wa wasichana wawili wanaotembea na mzee Gandhi, mabega yao yakiwa ndiyo mkongojo wake. Mwaka 1983 akaonekana kwenye Mandi na Jaane Bhi Do Yaaro, filamu ambazo wapenzi wa sinema za Kihindi wanazitaja kwa heshima hadi leo.

Lakini ustelingi haukuja. Kwenye Saath Saath ya mwaka 1982 alicheza msichana wa kuchekesha mwenye miwani, na baada ya hapo Bombay ikamwona ni wa kuchekesha tu. Wa kuimbiwa nyimbo bustanini wakawa wengine. Na njaa ilikuwepo! Amesimulia mwenyewe kwamba siku zile za mwanzo alikuwa akisaidia jikoni kwenye mkahawa wa Prithvi, palepale penye jumba la maigizo, akipika bharta, yaani biringanya za kuchomwa na kupondwa, ili naye apate chakula cha usiku cha bure. Msomi wa fani huyo, jamani!

Halafu likaja lile lililomfanya asemwe mji mzima. Mwaka 1989 alimzaa binti yake Masaba. Baba mtoto ni Vivian Richards, mcheza kriketi maarufu wa West Indies, ambaye tayari alikuwa na mke. India ya mwaka 1989! Rafiki yake, mwigizaji Satish Kaushik, alijitolea amwoe ili mtoto apate baba wa kutajwa. Neena alikataa, akamlea binti yake kwa msaada wa baba yake mzazi. Kitabu cha maisha yake, Sach Kahun Toh, kilichotoka mwaka 2021, hakifichi kitu. Wala hajifanyi shujaa, maana ameshasema wazi kwamba angerudi nyuma asingezaa nje ya ndoa, kwani mtoto anahitaji wazazi wote wawili.

Filamu zilipombania, akaingia kwenye televisheni. Alianza na Khandaan mwaka 1985, na mwaka 1998 akaibuka na Saans. Tamthilia hii aliiandika mwenyewe, akaiongoza mwenyewe, na akacheza mwenyewe kama Priya, mke ambaye mumewe anaangukia kwa mwanamke mwingine. Hapakuwa na mama mkwe mchawi wala ngurumo za radi. Ni mke mtu mzima anayejiuliza, sasa mimi ni nani? Wanawake wengi wa India walijiona mle.

Mwaka 2008 aliolewa na mhasibu Vivek Mehra. Kazi zikaanza kuadimika, simu ikawa haiiti. Ndipo Julai 2017, akiwa na miaka 58, akaandika kwenye Instagram maneno machache: kwamba anaishi Mumbai, ni mwigizaji mzuri, na anatafuta nafasi nzuri za kuigiza. Basi! Hakulia, hakumlaumu mtu, hakusema amelogwa.

Mwaka uliofuata akaonekana kwenye Mulk, na Oktoba 2018 ikatoka Badhaai Ho, ambamo ni mama wa vijana wakubwa anayejikuta na mimba wakati mwanawe anafikiria kuoa. Picha hilo liliingiza zaidi ya rupia bilioni 2 duniani, na Neena akachukua tuzo ya Filmfare ya wahakiki kama mwigizaji bora wa kike. Kuanzia mwaka 2020 akawa Manju Devi wa Panchayat, mwenyekiti wa kijiji wa jina tu huku mumewe ndiye anayetawala. Na mwaka 2024 akatangazwa mshindi wa Tuzo ya Taifa ya mwigizaji msaidizi kwa filamu ya Uunchai. Stelingi akiwa na miaka sitini na kitu!

Najua utaniambia, "Dada, yule ana jina, mimi nina cheti cha fomu foo tu." Ni kweli, na mimi mwenyewe sina zaidi. Nimezunguka mjini na bahasha ya kaki, ndani barua yenye "YAH: MAOMBI YA KAZI", nikaishia getini kwa mlinzi anayekuonyesha kwa kidole kibao cha "HAKUNA KAZI". Barua yangu ilikuwa ya unyenyekevu mtupu, "niko tayari kufanya kazi yoyote". Sasa jamani, kazi yoyote ndiyo kazi gani? Bosi atakuita kwa lipi?

Neena hakuomba chochote kile. Alitaja alipo, anachokiweza na anachokitaka. Na waliosoma walipojiuliza "kweli anaweza?", majibu yalikuwepo: jukwaa, Mandi, Saans. Wakati hakuna aliyempa kazi aliandika ya kwake, na wakati hakuna hela alipika biringanya. Angekuwa ameutumia muda wote ule kusubiri kijiweni, yale maneno ya Instagram yasingemsaidia kitu.

Kwa hiyo wewe unayeshona, shona hata gauni la jirani kwa bei ya uzi, watu walione mwilini. Unayechora, chora vibao vya duka la mtaani kwenu. Kisha fungua mdomo useme kwa jina: mimi fulani, niko mtaa fulani, najua hiki, natafuta kazi. Watakaocheka watacheka kidogo tu, kesho wana lao la kucheka. Kodi ya chumba haitamsubiri mtu amalize kuona aibu.

Haya, mwenzangu, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.