Maji ya Wudhu na Asumini ya Usoke



Huku kwetu Usoke, mkoa wa Tabora, kiangazi si msimu wa kupumzika kwa mwanamke mwenye bustani. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba mna masika na mna vuli. Sisi mvua yetu ni moja tu. Huanza Novemba, huisha Aprili, na kwa mwaka mkoa hupata kati ya milimita 700 na 1,000. Kuanzia Mei hadi Oktoba, kila jani la kijani mtakaloliona uani kwetu limenyweshwa kwa mkono, kwa kata na ndoo.

Tunasema "sisi" kwa sababu bustani hii si ya mtu mmoja. Ni ya Mama mkwe wetu na sisi wakaza mwana wake watatu. Wawili kati yetu ni wazaliwa wa hapahapa Unyamwezini. Wa tatu, mdogo wetu, aliletwa bi harusi kutoka Unguja mwaka jana mwezi wa Mei. Alishuka treni ya Kigoma hapa stesheni akiwa na sanduku lake, na mkononi vipande vitatu vya mti wa asumini vilivyofungwa kwa kitambaa kibichi.

Asumini ile si mgeni wa kwanza kutoka pwani. Karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora, ikibeba pembe za ndovu na, tuseme kweli, watumwa pia. Njia hiyohiyo ndiyo iliyoleta miembe ambayo hadi leo inatupa kivuli. Basi tukampa mdogo wetu pembe ya ua karibu na ukuta wa mashariki, apande.

Kazi za kila siku

Bustani ya kiangazi ina ratiba yake. Tunamwagilia mara mbili: baada ya sala ya Alfajiri, na tena jua likishapoa kabla ya Magharibi. Maji ya mchana huliwa na jua kabla hayajafika kwenye mizizi.

Wakati wa mvua tunainua matuta ili maji yasituame. Kiangazi tunafanya kinyume. Tunachimba kitanda kikae chini kidogo ya usawa wa ardhi, ili kila tone libaki humo. Udongo wetu una mchanga, haushiki maji, kwa hiyo tunachanganya samadi ya mbuzi iliyokwisha oza vizuri. Juu tunaweka matandazo ya nyasi, mbali kidogo na shina, na juu kabisa chanja ya mabua kwa miche michanga.

Ardhi hii haishindwi kwa nguvu. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Urambo, wilaya yetu hii, ilikuwa sehemu mojawapo. Walikuja na matrekta na fedha nyingi. Ilipofika 1951 mradi ukavunjwa, mvua na udongo vikiwa miongoni mwa vilivyowashinda. Mama mkwe akimwona mtu anachimba kwa pupa humwambia, "Polepole mwanangu, hata matrekta yalichoka hapa."

Wasumbufu wetu

Wa kwanza ni mchwa. Nyasi kavu ni karamu yao, kwa hiyo tunazigeuza kila siku chache na kunyunyiza majivu ya jikoni pembezoni mwa kitanda. Wa pili ni utitiri mwekundu, ambaye hupenda joto na ukavu; utamjua kwa utando mwembamba chini ya majani ya nyanya. Wa tatu ni kantangaze, anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Majani yaliyoshambuliwa tunayang'oa na kuyachoma, na tunanyunyiza maji ya mwarobaini mapema, kabla wadudu hawajazoea.

Jambo moja ambalo huenda dada wa visiwani halijui: Usoke ni nchi ya tumbaku, na tumbaku na nyanya ni ukoo mmoja. Ugonjwa wa madoamadoa ya majani huhama kutoka huku kwenda huku kwa mikono. Anayetoka kushika tumbaku hagusi nyanya zetu mpaka anawe kwa sabuni.

Msumbufu wa nne ni mbuzi, na huyo hana dawa ila ua wa miiba. Mwezi wa Julai mbuzi mmoja alipenya, akala kipande kimoja cha asumini mpaka chini. Vikabaki viwili.

Kisima kilipopungua

Kisima chetu kimechimbwa kwa mkono. Mwezi wa Juni kamba hufika maji upesi. Mwaka jana, Septemba ilipofika, tulikuwa tumeshaongeza kamba mara mbili, na baada ya ndoo 12 za asubuhi kilichopanda kilikuwa tope. Ndoo 12 kwa siku, za lita 20 kila moja. Mbili za kunywa na kupikia. Nne za kuoga na kufulia. Nne za majirani wawili wasio na kisima, kwa sababu dini yetu imekataza kumnyima mtu maji ya ziada, na jirani ana haki yake. Za bustani zikabaki mbili. Bustani ilikuwa inakunywa nane.

Baada ya Alasiri Mama mkwe alituita tukakaa mkekani. Akasema, "Wanangu, ndoo ni mbili. Tuseme leo kipi tunakiacha, kuliko kuviua vyote kidogokidogo."

Tuliacha nyanya kwanza, kwa sababu hunywa sana na utitiri ulikuwa umeshaingia. Tukaacha sukuma wiki. Vitanda vinne vya mchicha vikawa kimoja. Matembele tuliyabakiza, maana huvumilia na hutoa mboga kila wiki. Ikafika zamu ya asumini.

Mkubwa wetu akasema wazi, "Mama, maua hayaingii chunguni."

Hakuwa na ubaya. Ana watoto wanne, na yeye ndiye anayepika zaidi. Mdogo wetu aliinama, hakujibu. Siku zile tulikuwa tumeshaona kwamba ndoo yake ya kuogea haimwagwi yote mwilini. Nusu ilikuwa inaishia ukuta wa mashariki. Mama akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, asumini hii kwenu ni ya nini?"

Akasema, "Ya kikuba, Mama. Mama yangu alikuwa akinitungia kila Ijumaa, asumini na mrehani. Mti wenyewe aliupanda yeye, na nyumba ile imeshauzwa."

Tukanyamaza sote. Mbegu ya nyanya hununuliwa gulioni wakati wowote. Vile vipande viwili havikuwa na duka.

Mama mkwe alifikiri, kisha akasema, "Maji ya bustani hayatoshi. Lakini maji ya wudhu hatujawahi kuyahesabu."

Tukayahesabu. Wanawake na mabinti wa nyumba hii tunaosali ni sita. Sala tano kwa siku, hiyo ni mara 30. Hata kila mmoja akitumia lita moja tu, ni lita 30, yaani ndoo nzima na nusu iliyokuwa inapotelea kwenye mchanga mlangoni. Ukitoa siku zetu za udhuru, na wudhu unaodumu kutoka sala moja hadi nyingine, tulipata kama ndoo moja. Lita moja si kidogo: Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa wastani, na kiasi hicho hakifiki lita.

Tangu siku ile tunatawadha juu ya beseni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yaliyokwisha tumika hayatawadhiwi tena, lakini ni tohara, hayana najisi. Na kwa mmea yana faida nyingine: hayana sabuni. Maji ya kuoshea mchele na mboga nayo tukayaunga humo. Ya vyombo yenye sabuni na ya nguo za mtoto hatuyapeleki kwenye mboga.

Kila jioni asumini ilipata kata mbili, moja kwa kila mche, na yaliyobaki yakaenda kwenye matembele. Oktoba, mwezi wetu wa joto kali kuliko yote, mche mmoja ulikauka kuanzia ncha hadi chini, hata kata yake haikuuokoa. Mmoja ulibaki na majani matano. Mvua ya Novemba ilipopiga ukachipua, na mwezi wa Januari ukatoa maua saba. Saba hayatoshi kikuba. Mdogo wetu aliyatia kwenye kisahani cha maji sebuleni siku ya Ijumaa, na nyumba nzima ikanukia.

Mkubwa wetu bado anasema maua hayaingii chunguni, na ana haki yake. Miezi ile tulinunua nyanya kwa bei ya kuumiza, na mboga iliyotuvusha ilikuwa nsansa, majani ya kunde tuliyoyaanika juani Aprili yalipokuwa tele. Tusingekuwa na nsansa, pengine hata beseni lisingeuokoa ule mche.

Kwa bi harusi anayehamia ugenini

Dada, ukienda kwa mumeo mbali na kwenu, chukua kipande cha mti wa nyumbani. Kate tawi lililokomaa kidogo, urefu wa shubiri, ulifunge kwa kitambaa kibichi, na ulipande kivulini siku unayofika. Lakini kabla ya kupanda, uliza kisima kina maji kiasi gani na nani anateka. Maji ya nyumba ya watu wengi ni amana, na mmea wako usiwe mzigo juu ya mgongo wa mwenzio. Lianze beseni la wudhu mapema, Mei, kisima kikiwa bado kimejaa. Anika mboga wakati wa wingi. Na ukiwa na jambo la moyo kama lile la mdogo wetu, liseme. Wakwe hawawezi kuthamini wasichoambiwa.

Nanyi mnaopokea bi harusi, muulizeni alichokibeba mkononi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mmea, chochote kitakacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama ni sadaka kwake. Kwa hesabu hiyo, hata alichokula mbuzi wa Julai hakikupotea.

Mwenyezi Mungu atujaalie maji ya kututosha, mikono isiyofuja, na nyumba zenye masikilizano. Ameen.