Bukavu mpaka Uvira na pikapu ya kusukuma

Mwenye kutoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi anapita baridi na joto siku moja. Asubuhi unavaa koti. Ukishashuka Ngomo na kufika Kamanyola, koti linakuwa mzigo. Ngomo mnaijua: ukuta wa mlima huku, shimo huku, na lori likitokea mbele mmoja lazima arudi nyuma. Chini yake bonde la Ruzizi linafunguka, tambarare, na mashamba ya mchele.

Tulikuwa wamama sita na makuta ya likelemba ndani ya kitenge, tukienda kutafuta mchele na ndakala. Mmoja wetu alikuwa na mimba ya miezi sita. Pikapu tuliyokodi ni Toyota ya zamani ya mafuta ya esansi, na shofere wake alikuwa na desturi moja: kila akisimama, anaegesha kwenye mteremko. Mlimani hakuna aliyeuliza kwa nini. Kamanyola ndipo tulielewa. Alizungusha ufunguo, tukasikia «tak!» moja tu, basi. Na bondeni mteremko hakuna. Tukashuka, tukasukuma. Luvungi tena tukasukuma. Mwenye mimba tulimkataza kugusa motokari, akabeba viatu vyetu.

Sange tulikataa kusukuma tena. Chini ya mwembe kulikuwa na fundi mmoja wa makamo. Shofere akatuambia demareri imekufa, yaani ile moteri ndogo inayoamsha moteri kubwa. Tuongeze dola 60 anunue ingine ya okazio. Dola 60 ni mchele wetu. Mama Prezida akasema, «Papa, kwanza tuione.»

Shofere alitaka fundi aunganishe nyaya kwa turnevisi ili moteri iwake tuendelee, lakini cheche zinaruka, na nyuma kulikuwa bidoni ya esansi. Fundi alikataa, akaonyesha barabara kwa kidevu. Hakuhitaji kusema mengi. Tarehe 2 Julai 2010, hapo Sange, lori la mafuta lilipinduka, mafuta yakamwagika, moto ukashika nyumba. Zaidi ya watu 200 walikufa, wengine walikuwa wamekaa wakiangalia mpira wa Kombe la Dunia. Bidoni ikapelekwa mbali, chini ya mti mwingine.

Kazi yenyewe ilichukua saa tatu, na nyingi ya hizo zilipotea kwa bulo moja. Demareri inakaa pale moteri inapoungana na gerabwati, imeshikwa na bulo mbili. Ya chini inaonekana. Ya juu ilikuwa imefichwa na bomba za moshi: ile ya kiwanda ilipasuka zamani, fundi wa kuchomelea akaweka bomba nne zilizojipinda kama utumbo wa mbuzi, zikapita juu ya demareri kabisa. Alizitengeneza vizuri, lakini hakufikiria mkono wa atakayekuja nyuma yake.

Fundi wetu hakuharakisha. Alifungua kwanza waya wa batri upande wa kutoa, kwa sababu waya mnene wa demareri una umeme saa zote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Akaweka mawe kwenye magurudumu, akainua kwa kriki, na chini ya chasi akaweka gogo, maana kriki peke yake huponyoka na kuua mtu. Akangoja bomba zipoe. Halafu akatoa gurudumu la mbele, akapitisha mkono mpaka begani, akafungua bulo ya juu kwa kupapasa, macho yake yakiangalia mwembe. Sisi tulinyamaza kama watoto siku ya mtihani.

Alipoifungua demareri alituita wote. Ndani kuna vipande viwili vidogo vya shaba. Ukizungusha ufunguo, kingine kinavigusa na umeme unapita. Kimoja kilikuwa kimeliwa nusu. Ndiyo ile «tak!»: kinagonga lakini umeme haupiti. Alikata kipande kipya kwenye shaba nene ya waya wa zamani, akakipiga msasa kikae sawa na mwenzake. Dola 12, pamoja na mkono wake. Kwa kuwa joto la bomba zile linachosha demareri, akafunga bati katikati, mbali na ncha ya waya ili lisiguse umeme. Kipande cha zamani alimpa Mama Prezida, bila kuombwa.

Vikundi vinavyokodi motokari, kabla ya kupakia mwambieni shofere azime na kuwasha mara mbili, moteri ikiwa na joto, pahali tambarare. Na pale Ngomo msikubali ateremke moteri imezimwa ili aiwashe kwa kuteremka: moteri ikizimwa, freni zinakuwa ngumu mguuni, na nyuma mmekaa ninyi na watoto.

Tulifika Uvira giza limeshaingia, ziwa likisikika tu. Kesho yake, wakati wa kurudi na magunia, shofere alisimama Luvungi katikati ya tambarare, akazima moteri bila kuambiwa, akanunua ndizi, akawasha.