Neno Moja, Mambo Mawili

Lugha yetu ina neno moja lililotuponza sana, nalo ni wasiwasi. Tulilipata kwa Waarabu, na kila mtoto aliyehifadhi Suratun-Nas hulijua: ni mnong'ono wa Shetani vifuani mwa watu. Lakini neno lilo hilo twalitumia pia kwa maradhi ya hofu isiyokoma, yamnyimayo mtu usingizi na kumpapatisha moyo pasipo sababu ionekanayo. Kwa kuwa jina ni moja, tumedhani na jambo ni moja. Basi kila mwenye maradhi hayo huhesabiwa kuwa Shetani amemshinda.

Nasi tulidhani hivyo tulipokuwa tukisomesha watoto Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, penye machimbo ya dhahabu. Kijana mmoja aliyekuwa akishuka duarani alitujia baada ya Isha, akasema kila alalapo huona udongo ukimfunika, na mikono yake hutetemeka hata akishika kikombe. Tukamwambia azidishe nyiradi na kukaza imani. Akaitika kwa adabu, "Nimesikia, maalim," wala hakutujia tena. Twalijutia jibu lile mpaka leo. Si kwamba nyiradi hazina faida, bali tulimpa kama mtu amkaripiaye mwenye homa.

Haukupita mwaka, nasi yakatufika. Tulikuwa tukisalisha Alfajiri. Moyo ukaenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi zikawa haba, tukayakinisha kwamba twafa. Tukarudi nyuma, mmoja wa maamuma akaikamilisha sala. Tangu hapo tukaiogopa mihrabu kuliko mchimbaji aogopavyo duara bovu. Huyu akasema ni jini, tupungwe. Yule akasema maalim ana dhambi aifichayo. Wa tatu, aliye mpole kuliko wote, akatukumbusha wachimbaji watano wa Nyangarata, wilayani Kahama, waliotolewa hai mwaka 2015 baada ya kufukiwa siku 41. "Wale walikula mizizi na vyura wakastahimili, wewe hujashuka hata duara moja, waogopa nini?" Hatukuwa na la kujibu. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba maradhi haya hayapimwi kwa ukubwa wa hatari. Ni kama mlinzi apigaye kelele usiku kucha ilhali mwizi hayupo. Kumwambia mwenye nyumba kwamba hakuna mwizi hakumnyamazishi mlinzi.

Tulikwenda kwa daktari kwa siri, tukichelea kuitwa watu wa Mirembe, maana jina la hospitali ile ya Dodoma limefanywa tusi. Alitupima moyo akauona mzima. Kisha akauliza jambo tusilolitazamia: je, nyumbani mwachoma dhahabu? Kwani zebaki itumiwayo kukamata dhahabu, ikichomwa, hutoa mvuke usioonekana, na mwenye kuuvuta siku nyingi hudhurika mishipa ya fahamu, akatetemeka, akakosa usingizi, akawa na hasira na hofu. Kwetu haikuwamo. Lakini tulimkumbuka yule kijana, ambaye alichomea mgawo wake chumbani, juu ya jiko lile lile la mkewe la ugali.

Wako wasemao kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wetu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya miili na nafsi, na ndani yake nafsi huugua na kutibiwa kama mwili. Na Nabii Yakubu, alipolia hata macho yakawa meupe, nani athubutuye kusema imani yake ilipungua?

Daktari alitufundisha kuvuta pumzi polepole, akatupa dawa, akatuamuru turudi mihrabuni kidogo kidogo: kwanza Adhuhuri, watu wakiwa wachache. Hatukupona kwa siku moja. Ziko Alfajiri ambazo moyo wetu huenda mbio hata sasa, nasi husalisha vivyo hivyo.

Tulimtafuta yule kijana tumweleze habari ya zebaki. Jirani zake walisema amehamia machimbo ya Geita, yeye na mkewe, na jiko lao wamelichukua.