Doa la Januari
Januari 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji kisiwani Pemba. Baadhi walikufa, wengine wakakimbilia Shimoni, Kenya, kwa mashua. Benjamin Mkapa, Mkatoliki, ndiye aliyekuwa Rais. Katika kumbukumbu zake za 2019, My Life, My Purpose, alikiri kwamba vifo vile vilibaki doa katika uongozi wake. Viongozi wachache huthubutu kuungama hivyo. Lakini ungamo lile lilitoka kwa Kiingereza, na hapa Tumbe lugha yetu ni Kiswahili. Yesu alifundisha kwamba uiache sadaka madhabahuni, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Mkapa alifariki Julai 2020. Kazi ya kuwabishia hodi waliofiwa, majirani zetu Waislamu, imebaki kwetu Wakristo.