Ubaridi Wenye Kipimo

Msomaji, wahenga walisema kwamba dawa ya moto ni moto. Fikiri pamoja nami juu ya moto mmoja ambao dawa yake ni ubaridi.

Mimi ni mtu wa pwani. Kwetu mtoto akizaliwa hufunikwa nguo upesi, maana baridi ni adui wa mchanga. Desturi hiyo ni njema, na tabibu huisifu. Lakini wako watoto wachache ambao hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ubongo wao hupatwa na msiba mara mbili: kwanza, hewa inapokosekana, kisha, baada ya saa chache za utulivu, seli zilizosalimika nazo huanza kufa. Majaribio yaliyotangazwa tangu mwaka 2005 katika nchi zenye utajiri yalionyesha njia ya kuukinga msiba wa pili. Mtoto huanza kupozwa hospitalini kabla ya saa 6 kupita, joto la mwili wake likashushwa hadi nyuzi 33 au 34 za sentigredi kwa saa 72, kisha hurudishiwa joto polepole. Hatari ya kufa au kulemaa ikapungua.

Ubaridi hufanya nini? Hupunguza mahitaji ya ubongo, kama taa inavyopunguzwa utambi mafuta yakiwa haba. Ndani ya ubongo zimo pia seli shina, mbegu za seli nyingine. Katika maabara, seli hizo zikitiwa katika ubaridi wa wastani, huzaana polepole na hukawia kukomaa, lakini hufa kwa uchache. Ubaridi ukipita kiasi huziangamiza. Basi ubaridi si mvua ioteshayo mbegu, bali ni ghala iihifadhiyo.

Hata ghala njema haifai kila mahali. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watoto 408 wa India, Sri Lanka na Bangladesh. Huko kupoza hakukupunguza vifo na ulemavu; vifo viliongezeka.

Kwa hiyo, msomaji, usimvue mtoto nguo zake nyumbani kwa sababu umesoma habari hizi. Na kama siku moja utakuwa tabibu, usiulize tu kama dawa inaponya. Uliza inamponya nani, wapi, na kwa kipimo gani. Maswali hayo matatu ndiyo yatakayomlinda mtoto aliye mikononi mwako.