Mlango Usiouliza Jina

Kuna neno nilisikialo mara nyingi huku Masisi, na ndugu zetu wa Walikale nao hulisema: "Mwalimu, nani atatutafuta sisi watu wa milimani na msituni?" Mzazi mmoja aliniambia hivyo alipotaka shauri. Alikuwa ametia kamera langoni pake, naye alitaka kuitazama akiwa safarini Goma. Fundi alimwambia kwamba kazi ni ndogo: kufungua mlango mmoja katika ruta, yaani kile chombo kinachogawa intaneti nyumbani.

Si ajabu watu wafikiri hivyo. Njia zetu ni za matope. Mvua ikinyesha, lori hukwama siku nyingi. Tumezoea kuuhesabu umbali kuwa boma letu. Lakini katika intaneti hakuna mlima wala msitu.

Ruta ni kama bawabu. Huyaingiza majibu ya yale yaliyoombwa na watu wa ndani, na mgeni asiyeitwa humwacha nje. Ukiiamuru ipeleke mlango mmoja moja kwa moja kwenye kamera, bawabu hamwulizi tena mtu ye yote jina lake. Ulidhani umejifungulia wewe peke yako. Kumbe umeifungulia dunia nzima.

Tena dunia hiyo hugonga upesi. Anwani za intaneti za namna ya zamani, ambazo zingali zikitumika sana, hazifiki bilioni 4.3. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan, huko Marekani, walionyesha programu iitwayo ZMap, iwezayo kugonga mlango mmoja katika anwani hizo kwa muda usiofika dakika 45. Basi mwizi hana haja ya kukujua. Hugonga kila mahali, na kwako pia.

Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi sana kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyotiwa kiwandani, ambayo wenye vyombo hawakuyabadili. Vyombo vile vikawa jeshi, na wenyewe hawana habari. Mwaka huo huo jeshi la namna hiyo lilitumwa kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia. Mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, Daniel Kaye, alihukumiwa Uingereza mwaka 2019 kifungo cha miezi 32. Tazameni: kamera ya mtu aliyelala usingizi ilimdhuru jirani asiyemjua.

Kwetu sisi kuna jambo zito zaidi. Vita iliingia Masisi mjini Januari 2025, na Walikale mjini Machi mwaka huo. Kamera iliyo wazi humwonyesha mtu mbaya ni nani aliyepokea wakimbizi, saa gani baba hutoka, na watoto wangapi hubaki nyumbani. Mkristo humfungulia mgeni mlango, ndiyo. Lakini humfungulia yule ambaye amemwona uso na kuisikia hodi yake.

Basi tufanyeje? Kwanza, badilini neno la siri la kamera na la ruta siku ile ile mnapovinunua. Pili, zimeni katika ruta ruhusa iitwayo UPnP, ambayo huviacha vyombo vijifungulie milango vyenyewe. Tatu, mwenye haja ya kuona nyumba yake kutoka mbali na amwombe fundi amtengenezee VPN, yaani njia iliyofungwa, apitayo mwenye ufunguo tu. Nne, pakueni programu mpya za vyombo hivyo kila zinapotolewa. Tena jueni kwamba mitandao mingi ya simu huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, na hapo mlango wa ruta yako haufunguliki kwa njia hiyo. Fundi asikutoze fedha kwa kazi isiyowezekana.

Nanyi wanafunzi, mara nyingi mnavijua vyombo hivi kuliko wazazi wenu. Msijivune kwa hilo. Jioni ya leo kaeni na baba na mama, mwafungulie ukurasa wa ruta, mwaonyeshe milango iliyo wazi, na ile isiyo na kazi mwifunge pamoja. Hiyo nayo ni njia ya kuwaheshimu wazazi.