Misisi: Sumaku ya Dhahabu na Spika ya Gitaa

Ukitoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, barabara inapanda mlima mpaka Fizi, halafu inakwenda Lulimba na kufika Misisi. Ni barabara ya taifa namba 5, ile inayokwenda mpaka Kalemie, lakini wakati wa mvua ukubwa wake uko kwenye ramani tu. Kwa hiyo kitu kikiharibika Misisi, watu hawakimbilie duka. Wanatafuta fundi.

Misisi ni dhahabu. Machimbo ya Akyanga yako karibu, na mchana kutwa ni habari ya mawe: baba wako shimoni, mama watwangaji wako juu. Siku ya Mungu ni zamu ya muziki. Tena gitaa na mgodi ni jirani wa siku nyingi: Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, mji wa migodi unaoitwa leo Likasi. Gitaa lake halikuomba umeme. Gitaa la kwaya zetu linaomba ampli, na ampli bila spika ni sanduku bubu.

Sasa, msomaji mpendwa, spika ina adui katika nchi ya dhahabu. Nyuma yake kuna sumaku nzito. Mchimbaji akiisha kusafisha mchanga wake, karai linabaki na mchanga mweusi pamoja na dhahabu. Sumaku inavuta ule mweusi, dhahabu inabaki, maana dhahabu haivutwi. Ndiyo sababu sumaku ya spika iliyokufa inatafutwa kwenye machimbo mengi.

"Papa fundi, hiyo sumaku utaniuzishia?"

"Si ya kuuzisha, kijana. Hii ni ya kwaya."

Mimi sioni ubaya spika iliyokufa kabisa ikienda kazi ya karai. Ubaya ni kwamba nyingi zinavunjwa zikiwa zinaumwa tu, kisha kwaya inachangishwa upya kununua nyingine ya mbali.

Namna ya kujua? Twaa jiwe la tochi, volti 1.5, uguse nyaya mbili za spika kidogo tu. Karatasi ikiruka na kutoa mlio, koili ni nzima. Ukiwa na mita, spika iliyoandikwa omu 8 itaonyesha kama 6 au 7. Hilo si kosa. Isiposema kitu, usikate tamaa: angalia kwanza ule uzi wa shaba uliosukwa unaotoka pembeni kwenda kwenye karatasi. Mara nyingi umekatika pale unapopindika, na kuulehemu ni kazi ya dakika chache.

Ikikwaruza, sukuma karatasi polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mchanga, ni ule ule mweusi wa machimboni: sumaku imeuvuta mpaka ndani ya mwanya wa koili, ambao ni mwembamba kuliko kucha. Kupuliza hakusaidii, sumaku inaushika. Fundi anakata kwa wembe kile kifuniko cha katikati, anaingiza kipande cha karatasi ngumu chenye gundi ya kunata, anatoa vumbi kidogo kidogo. Kabla ya kurudisha kifuniko anaweka vipande vya filamu ya picha kuzunguka koili, kuona kama imekaa katikati. Karatasi iliyopasuka inazibwa kwa karatasi laini na gundi nyeupe ya mbao, nyembamba sana. Gundi nzito inaifanya karatasi kuwa ubao.

Kuipachika ndiko kunakoharibu kazi ya wengi. Sanduku la gitaa linaweza kuachwa wazi nyuma, lakini ubao wa mbele lazima uwe mgumu na usiwe na nafasi pembeni ya spika, maana upepo wa mbele ukikutana na ule wa nyuma, sauti nzito inapotea. Tumia bulonzi na nati. Visi vya mbao vinalegea kwenye pikipiki. Kaza moja, kisha ile inayoitazama upande wa pili, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, chuma kinapinda na koili inaanza kukwaruza upya. Na turunevisi ishike kwa nguvu: sumaku inaivuta, nayo inatoboa karatasi. (Mwaka 1964 Dave Davies, Mwingereza, alikata spika yake kwa wembe makusudi apate sauti ya kukoroma. Kwaya isijaribu.)

Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 4. Soma kwanza nyuma ya ampli kama inakubali, maana isipokubali inaungua, na ampli ni ghali kuliko spika.

Wakati wa safari, funika uso wa spika kwa kipande cha tiripleksi. Kanisani, ifunikwe kitenge, mbali na mahali mama wanapotwanga.